Fundi wa katambuga aliyenitengenezea mpira wa madigadi

Kama pikipiki yako ina kile kipande cha mpira kinachoning'inia mbele ya tairi la nyuma, kati ya tairi na shokapu, na kimeanza kulegea, usikimbilie gundi wala usikikate ukakitupa. Fika Morogoro mjini, upande wa Msamvu, umuulizie mzee anayetengeneza katambuga, vile viatu vya tairi. Huyo ndiye aliyenimalizia tatizo ambalo maduka ya spea na mafundi pikipiki walikuwa wakilituliza tu. Nampa nyota zote tano, na sababu zangu nitazieleza kwa kirefu, maana kazi ya namna hii watu wengi wanaidharau mpaka siku wanapolipia shokapu mpya.

Mimi ni bibi shamba, yaani afisa ugani. Eneo langu la kazi liko huko juu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kwa wakulima wa kabichi, karoti, viazi na njegere, na wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Anayeijua barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Langali hahitaji maelezo. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu unageuka utelezi, na unashika kila kitu unachokigusa. Pikipiki yangu ni ya cc 125, ya kazi, imeinuka kidogo, ina keria nyuma ambapo hukaa boksi la dawa za mifugo au mkulima niliyemkuta njiani. Sitaitaja jina, kwa sababu mpira huu uko kwenye pikipiki za makampuni mengi na unalegea kwa namna ileile kwenye zote.

Nianze na kazi ya mpira wenyewe, kwa sababu nimeshasikia fundi akimwambia mteja kwamba ule ni urembo. Madigadi ya nyuma inafunika juu ya tairi. Lakini tairi linapozunguka, matope hayarushwi juu na nyuma tu. Mengine yanabaki yameng'ang'ania kwenye tairi na kurushwa kuelekea mbele, pale penye shokapu, boksi la filta ya hewa, na kwa pikipiki nyingine betri na nyaya zake. Mpira unakaa hapo kama ukuta. Ukiwa haupo au umelegea, mchanga unatua kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu. Shokapu inapopanda na kushuka, mchanga ule unasagana na sili ya mafuta, na baada ya muda utaona unyevu wa mafuta, kisha utahisi pikipiki inadundadunda kwenye matuta. Filta nayo inalowa, hewa inakuwa nzito kuingia, pikipiki inakosa nguvu mlimani na kula mafuta zaidi. Mwenye pikipiki anakwenda kusafisha kabureta, anabadilisha plagi, na matope yanaendelea kuingia.

Jambo la pili ni usalama, na hili nalisisitiza kwa dada zangu na wadogo zangu wanaobeba abiria. Mpira ulioshikwa upande mmoja tu hauning'inii kwa utulivu. Ukipita kwenye shimo ukiwa na mzigo, tairi linapanda juu, linaugusa, linaweza kuuvuta na kuukunja kati yake na madigadi. Upande wa cheni ni hatari zaidi. Ukiusikia mpira ukipigapiga nyuma yako, tap, tap, tap, kwa kasi inayobadilika na mwendo wako, simama pembeni, uukague. Ukishindwa kuufunga hapo, ni afadhali kuutoa kabisa na kuuweka kwenye begi kuliko kuendelea nao hivyo hadi nyumbani.

Sasa vitu vinavyouzwa. Mpira mpya wa aina yangu upo madukani, lakini si kila duka, na mara nyingi utaambiwa uagize Dar es Salaam. Nilioutumia ulikuwa mwembamba kuliko ule uliokuja na pikipiki, laini kama tyubu, na matundu yake hayakuwa na kitu ndani. Kumbuka hilo la matundu, nitalirudia. Ulikaa vizuri kiangazi chote, masika yalipoanza ukachanika kwenye tundu la juu upande wa ekzosi. Siwezi kumlaumu muuza duka, yeye anauza kinacholetwa. Ila bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya alichonitoza mzee wa katambuga.

Vipo pia vibanio vya plastiki, vile vyenye pini katikati unayoisukuma ndani ili miguu yake itanuke. Ni vitu vizuri kwenye gari, ambako madigadi ya ndani ni ya plastiki ngumu na haitingishiki sana. Kwenye pikipiki ya barabara mbovu havidumu. Matope yanaingia kwenye pini, yanakauka, pini inatoka kidogo kidogo hadi inapotea. Angalia pia ukubwa: vingi vilivyopo madukani ni vya tundu la milimita 8, na pikipiki nyingi zina tundu la milimita 6 kwa ajili ya bolti inayofunguliwa na spana namba 10. Fundi asiye mvumilivu atapanua tundu ili kibanio kiingie, na hapo ameharibu madigadi kwa ajili ya kitu cha shilingi mia tano.

Tai za plastiki, zile mafundi umeme wanazofungia nyaya, ni za kukufikisha nyumbani, basi. Ni nyembamba, zinakata mpira kama uzi unavyokata jibini. Ukilazimika kuzitumia chukua nyeusi, maana nyeupe zinakakamaa juani na kukatika mapema zaidi.

Gundi ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ndiyo ya kwanza watu kuikimbilia. Fanya hivi: fungua siti, chungulia upande wa ndani wa madigadi yako, tafuta herufi zilizochapwa kwenye plastiki. Ukiona PP, yaani polipropilini, funga mfuko wako. Plastiki hiyo haikubali gundi za kawaida za dukani. Itashika mbele yako, utafurahi, utaondoka, na itabanduka nzima nzima siku ya kwanza ya matope, pamoja na mpira wako. Ile gundi ya matone inayokauka papo hapo nayo inakuwa ngumu kama kioo, na kitu kigumu hakivumilii mtikisiko wa injini. Gundi ya viatu inashika vizuri mpira kwa mpira uliokwaruzwa kwa msasa na kukaushwa, hivyo kwa kuunganisha mpira uliochanika inafaa kiasi. Kwa kuushikiza kwenye madigadi haifai hata kidogo.

Hapo ndipo nilipofika kwa mzee. Nilikwenda kununua katambuga za mdogo wangu, siyo kutengeneza pikipiki. Amekaa chini ya mwavuli, rundo la matairi vipara pembeni yake, kisu kirefu, kopo la maji, na kipande cha gogo. Nilimwamkia, akaitika "marahaba mwanangu", na kabla sijachagua saizi akawa ameshaitazama pikipiki yangu.

"Bibi shamba, mpira wako umelegea."

Nikamwambia mzee, umekazwa juzi tu, fundi ameukaza kwa nguvu zake zote.

"Ndiyo maana umelegea," akasema.

Aliniomba spana, akafungua bolti moja, akanionyesha. Mpira ulikuwa umebonyea chini ya kichwa cha bolti, umetoka pembeni, umekuwa mwembamba kama karatasi. Akanieleza polepole, na maelezo yake yakanipa jibu ambalo sijawahi kulipata dukani. Mpira hausimami pale ulipouminya. Ukiukandamiza kwa bolti, unakimbia pembeni, siku kwa siku, hasa ukipata joto la injini. Unapokimbia, bolti inabaki na nafasi. Inaanza kucheza, inakata tundu, tundu linakuwa refu, kisha mpasuko unaanzia hapo na kwenda hadi ukingoni. Fundi anakuja anakaza tena, mpira unakimbia tena. Kila unapokazwa ndivyo unavyokwisha.

Kiwandani hawafungi hivyo. Ndani ya tundu la mpira kuna bushi, kibomba kidogo cha chuma, fupi kidogo kuliko unene wa mpira. Bolti inabana bushi, chuma kwa chuma, na kukaza kwako kunaishia hapo. Mpira wenyewe umeshikwa kwa upole tu, unaweza kupumua na kutikisika bila bolti kulegea. Ukifungua kwa mara ya kwanza, zile bushi zinadondoka chini, zinafanana na takataka, na mafundi wengi wanaziacha hapohapo kwenye mchanga. Kuanzia siku hiyo mpira wako unahesabu masika zake. Ndugu msomaji, kama hutakumbuka lolote katika maandishi haya, kumbuka kuzitafuta bushi zako chini kabla hujaondoka kwa fundi.

Nilimwuliza kama anaweza kunitengenezea mwingine. Akasema acha pikipiki hapo, ukanywe chai.

Sikwenda kunywa chai, nilibaki kumwangalia, na kazi yake inastahili kuangaliwa. Kwanza alichagua tairi. Alipita ya lori bila kuigusa, akaniambia tairi za lori za siku hizi zimejaa waya hadi ubavuni, na waya ukikatwa unachomoza, unapata kutu, unachoma. Alichukua tairi ya gari dogo, akakata ubavu wake tu. Hapo pana nyuzi za kitambaa ndani ya mpira. Waya uko chini ya kashata, ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, na kwenye ukingo unaoshika rimu, na vyote viwili alivitupa. Nyuzi hizo ndizo zinazoupa mpira wake nguvu ambayo ule wa dukani hauna. Mpira mtupu ukipata mpasuko mdogo, mpasuko unakimbia. Wenye nyuzi, mpasuko unafika kwenye uzi unasimama.

Kisu anakichovya kwenye maji kila baada ya mkato. Kisu kikavu kinang'ang'ania kwenye mpira, chenye maji kinateleza. Ubavu wa tairi ulikuwa mnene kwa kazi hii, kwa hiyo alishika ncha kwa plaizi na kuuchuna, tabaka moja likatoka, akabaki na unene unaokunjika kwa mkono. Kisha akaweka mpira wangu mbovu juu, akachora kwa chaki, na mahali palipochanika akaniuliza palikuwaje zamani. Aliongeza ukingo kidogo upande wa juu, panapofungwa, na akapunguza kidogo upande wa cheni.

Matundu ndipo anapotofautiana na mafundi wengine niliowahi kuwaona. Wengi wanachoma kwa nondo ya moto au wanapiga msumari. Tundu la moto linaacha mpira uliokakamaa pembeni, la msumari linaacha nyufa, na mpasuko wowote unatafuta mahali kama hapo pa kuanzia. Yeye ana kipande cha bomba la chuma alichokinoa mdomo, anakiweka juu ya gogo, anapiga nyundo mara moja, kiduara kinatoka safi kabisa. Anacho cha kila ukubwa. Ni vilevile anavyotobolea mikanda ya katambuga.

Bushi alizikata kwa msumeno kutoka bomba dogo, akazisugua kwa tupa hadi zikawa fupi kidogo kuliko mpira. Na badala ya washa ndogo alikata ukanda wa bati la aluminiamu, upana kama wa kidole gumba, urefu wa ukingo wote wa juu, akakunja ncha zake zisikate. Ukanda huo unakaa juu ya mpira, bolti zinapita ndani yake. Hivyo uzito wa matope haubebwi na matundu mawili, unabebwa na ukingo mzima. Chini alipopata nafasi ya washa tu alinituma dukani nikanunue washa pana na nati zenye nailoni ndani, zile zisizofunguka kwa mtikisiko. Hakunidanganya kwamba anazo.

Kufunga alitufungia kijana wa kijiwe cha bodaboda cha jirani, kwa kuwa mzee magoti yanamsumbua. Lakini aliyesimamia ni yeye. Walipomaliza, hakuniruhusu niondoke. Aliwaita vijana wengine wawili wakakaa juu ya pikipiki, wakaikandamiza chini kabisa, naye akainama kuchungulia nafasi kati ya mpira na tairi. Alitaka kidole kipite, na upande wa cheni alitaka vidole viwili. Upande mmoja haukutosha, akaukata hapohapo bila kuufungua. Fundi anayepima pikipiki ikiwa tupu hapimi kitu, kwa sababu tairi la nyuma linapanda na kusogea kila unapopakia mzigo, na ni wakati huo mpira unapoguswa.

Malipo yalikuwa Sh 15,000 kwa kazi yote, pamoja na kijana aliyefunga. Washa na nati nilinunua mwenyewe. Muda ni kama wa kusubiri chakula cha mchana.

Nimepita nao masika nzima. Nimeshuka nao kutoka Nyandira mvua ikinyesha, udongo umejaa hadi tairi haliwezi kuzunguka vizuri, nikasimama kuutoa kwa kijiti, na mpira uko palepale, ukingo umelala sawa, hakuna bolti iliyocheza. Fimbo ya shokapu ni kavu. Boksi la filta, ambalo zamani nilikuwa nalifuta tope kila wiki, sasa ninakuta vumbi la kawaida. Mwenzangu wa kata ya jirani aliuona, akampelekea mzee pikipiki yake, naye ameridhika.

Yapo mapungufu, nayasema ili usifike ukakasirika. Mpira wa tairi ni mzito kuliko wa kiwandani, na kwa pikipiki ndogo yenye madigadi nyembamba sina hakika ningeuweka bila kumwomba auchune zaidi. Wiki za kwanza ni mgumu, ukikunja unarudi, na asubuhi ya baridi ya Mgeta unagonga kidogo kwenye boksi la filta hadi upate joto. Sura yake ni ya kazi, herufi za tairi zinaonekana upande wa nyuma. Mimi sijali, ila wapo wanaopenda pikipiki ing'ae. Kubwa zaidi kwetu watumishi: mzee hana risiti. Kama unategemea ofisi ikurudishie hela, utaumia. Nadhani ofisi zetu zingetafuta njia ya kuwalipa mafundi wa namna hii, kwa sababu pikipiki nyingi zilizogawiwa kwa maafisa ugani mwaka 2022 zinatembea kwenye barabara kama zangu, na shokapu zake zinakufa kwa sababu ya mpira wa elfu kumi na tano.

Ukishautengeneza, utunze. Kwenye sehemu za kuosha pikipiki mkataze kijana kupulizia dizeli au mafuta ya taa nyuma ya injini. Yanaondoa grisi kweli, lakini yanauvimbisha mpira na kuulainisha, na mpira uliovimba unachanika. Maji na sabuni vinatosha. Pampu ya presha isielekezwe kwenye ukingo wa juu, kwa kuwa maji yanaingia chini ya mpira na kuubandua kutoka nyuma. Na ukifika nyumbani tope likiwa bado bichi, lisukume kwa kijiti. Likikauka linageuka tofali linalovuta ukingo usiku kucha.

Ukienda kwa mzee, nenda na mpira wako wa zamani hata kama umebaki nusu, ndio kipimo chake. Nenda na bushi zako kama bado unazo, atapunguza bei. Nenda na spana namba 10 na bisibisi, kwa sababu yeye ni fundi wa katambuga na vifaa vya pikipiki anaazima. Asubuhi ndiyo nzuri, kabla jua halijaulainisha mpira na kabla wateja wa viatu hawajajaa. Ijumaa hafungui hadi baada ya swala. Usimharakishe, na usimwambie akaze zaidi.